Wapiganaji wa Belarus hawakuwa msituni peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Nimesoma makala yenu kuhusu wapiganaji wa msituni wa Belarus waliopambana na jeshi la Hitler kati ya 1941 na 1944. Imeandikwa vizuri, ila ukiimaliza unabaki na picha ya wanaume wenye ndevu wamejibanza vichakani, bunduki mkononi, wakisubiri gari la adui lipite. Watu hao walikuwepo. Lakini mara nyingi pigo zito lilitoka kwa mtu aliyekuwa akila mshahara wa Mjerumani.

Konstantin Zaslonov alikuwa mtu wa reli. Mwishoni mwa 1941 alirudi Orsha, stesheni kubwa katika njia ya Minsk kwenda Moscow, akaomba kazi kwa Wajerumani, nao wakampa. Yeye na wenzake wakatengeneza mabomu yenye sura ya makaa ya mawe, wakayachanganya na makaa halisi. Mchochea moto akitupa koleo moja, injini inalipuka huko njiani, mbali na Orsha, na wa kumkamata hayupo. Alipoanza kushukiwa ndipo akaingia msituni, akaongoza kikosi, akauawa vitani Novemba 1942.

Osipovichi nako, Julai 1943, mfanyakazi wa reli Fyodor Krylovich alibandika bomu la sumaku kwenye treni ya mafuta. Moto ukarukia treni za jirani, zikiwemo zilizobeba risasi na vifaru.

Halafu kuna Wilhelm Kube, mkuu wa utawala wa Kijerumani mjini Minsk. Kikulacho ki nguoni mwako: aliyemtegea bomu chini ya godoro ni Yelena Mazanik, mtumishi wake wa ndani. Bomu lilitoka kwa wapiganaji, likapitia kwa Maria Osipova wa mtandao wa siri wa mjini. Kube akafa usiku wa Septemba 22, 1943, na wanawake hao wakakimbilia msituni. Makala yenu, ndefu kama ilivyo, haina jina la mwanamke hata mmoja!

Gharama nayo mmeipitia kwa sentensi moja. Machi 22, 1943 wapiganaji walishambulia msafara wa Wajerumani karibu na kijiji cha Khatyn. Siku hiyohiyo wanakijiji wakaswagwa ghalani, ghala likatiwa moto, na waliojitahidi kutoka wakapigwa risasi. Walikufa watu 149, watoto wakiwa 75. Vijiji vya namna hiyo ni mamia. Usiku mkulima aligongewa mlango na wapiganaji wanaotaka viazi na ng'ombe; asubuhi anaulizwa na Mjerumani kwa nini aliwapa. Baadhi ya wapiganaji hawakuomba kwa upole, na hilo pia lisemwe.

Mkiendelea na mfululizo huu, pelekeni wasomaji kwenye karakana za reli, vyumba vya maofisa na maghala ya wakulima. Msituni tumeshafika.

Msomaji wenu,
Tanga