Usiliuze Besi

Nyalenda, Kisumu
Jumatatu usiku

Kwako Baba Akinyi,

Salamu nyingi kwako, kwa mama watoto na kwa Akinyi. Huku tu wazima, ila mvua imegeuza njia ya kwetu kuwa tope, na majuzi ampu tuliibeba begani mpaka kwenye lami.

Omera, simu yako ya Alhamisi imeninyima usingizi. Ulisema vijana unaopiga nao pale hotelini Nakuru wamekuambia kwamba Shirati Jazz, bendi ya benga ya Owino Misiani, si jazz, kisha ukasema unataka kuuza besi lako maana hakuna anayelisikia. Halafu salio likaisha. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

La kwanza halinisumbui sana. Muziki wa New Orleans, ilikozaliwa jazz, na benga yetu, muziki wa magitaa wa Waluo, ni miziki miwili, hapo hawakukosea. Lakini neno lenyewe lilikaa kwetu zamani likafanya kazi yake. Dar es Salaam walikuwa na Jazz Band yao tangu 1932, na Kinshasa, wakati huo Léopoldville, OK Jazz ya akina Franco ilianza 1956. Ukisikia jazz, ulijua ni bendi ya dansi yenye vyombo vya mjini. Owino Misiani, aliyezaliwa 1940 upande wa Shirati, ng'ambo ya mpaka, Tanzania, alilichukua neno hilo kwa haki kabisa, na Collela Mazee na Ochieng' Nelly pia walipoiita yao Victoria Jazz. Waambie hao vijana hivyo, kwa upole. Nao wana mengi ya kukufundisha, usiwafungie mlango.

Hilo la besi ndilo linaloniuma.

Jumamosi tulikuwa matangani upande wa Ahero. Kama saa nane usiku, watu wamekolea, mzee mmoja akainua mkono na kuweka noti kwenye sahani. Pakruok, yaani anatoa hela muziki usimame apate kujisifu. Tukanyamaza. Akajisifu yeye, akasifu ukoo wake, ng'ombe wa babu yake na mke aliyemtoa Asembo, watu wakapiga vigelegele. Unajua palivyo pagumu hapo. Kusimama kila mtu anaweza, kazi iko kwenye kuingia tena. Kijana tuliyemwazima apige besi ana vidole vyepesi kukuzidi wewe, nasema kweli, lakini aliingia mapema, dramu ikamkimbilia, solo ikabaki nyuma. Nami na ridhimu yangu sikujua nimfuate nani. Wachezaji wakasimama katikati ya hatua. Mzee akatutazama kama tuliomharibia jina mbele ya wakwe zake.

Pale nilikukumbuka mpaka koo likanikaza. Miaka yote ile wewe ndiye uliyekuwa ukiturudisha. Unapiga noti mbili za chini, bila haraka, na sote tunaujua mlango ulipo. Hakuna aliyewahi kukutunza hela kwa ajili ya noti zile. Hata mimi sikuwahi kukushukuru, na leo nakushukuru.

Kuna Mmarekani mmoja nimekuwa nikimsikiliza kwenye simu ya Awuor, Freddie Green, mpiga gitaa wa bendi ya jazz ya Count Basie. Aliingia kwenye ile bendi mwaka 1937 akabaki nayo mpaka alipofariki 1987. Miaka hamsini, na solo zake ni za kuhesabu! Gitaa lake hata umeme halikuunganishwa. Alikuwa anachapa mapigo manne kila baa, pigo kwa pigo, chini ya matarumbeta yote yale. Mara ya kwanza sikumsikia kabisa. Nikafumba macho, nikarudia, nikamsikia, na tangu hapo nikisikiliza bendi ile ni yeye ninayemfuata. Hao vijana wako bila shaka wanamjua. Waulize wanamwonaje.

Wala si lazima twende Marekani. Mkumbuke mpiga nyatiti, kinubi chetu cha Kiluo, wa kijijini kwenu. Nyuzi nane mikononi, gara, zile njuga, mguuni, na pete ya chuma kwenye kidole cha mguu akigonga ubao wa chombo chake. Watu humsifu kwa sauti na vidole, lakini ule mguu ukikosea, wimbo wote unaanguka. Benga ilipozihamishia nyuzi zile kwenye magitaa, kazi ya mtu mmoja ikagawanywa kwa watu wanne, watano. Mimi naamini wewe ulipewa mguu.

Najua ada ya shule inakubana, na hotelini mshahara unacheleweshwa. Kama ni pesa, niambie kiasi. Sisi hapa tutachanga, na ampu ya pili tutaiuza kabla wewe hujaliuza besi. Nimekwisha kuongea na wenzetu, wamekubali wote.

Fundi wa Kondele ameniwekea nyuzi za besi, seti nzima, nimezilipia nusu. Ijumaa ya mwisho wa mwezi tunapiga karibu na Dunga, watu wa ufuoni wenyewe wametuita. Panda gari la asubuhi kupitia Kericho ili tupate jioni nzima ya mazoezi, na yule kijana nimemwomba awepo akae karibu nawe, asikilize. Mama Awuor amesema atakukaangia samaki, ngege.

Njoo nalo.

Ndugu yako,
Baba Awuor