"Kinoo Chenu Kinateleza Tu": Namna ya Kuchagua Kifaa cha Kunolea cha Jikoni na cha Porini

Lalamiko hili halikauki hapa dukani Mwanga, Kigoma. Mteja anafungua gazeti, anaweka kinoo kwenye kaunta na kusema, "Nilinunua kwenu, hakinoi. Kinateleza kama sabuni." Hata kabla hajamaliza, harufu imeshaeleza. Kinoo kilichouzwa kikiwa cha kijivu kimekuwa na rangi ya chungwa, na ukikikwangua kwa ukucha unabandua utando kama nta. Ni mawese.

Tunaelewa yanakotoka. Mawese Kigoma hayakosekani jikoni, na wengi wamesikia kwamba kinoo hutiwa mafuta. Lakini mafuta yanayosemwa ni yale mepesi ya mashine, tena kwa vinoo vya aina fulani tu. Kinoo hukata kwa chembe ngumu zilizoshikamana, zenye vitundu katikati yake. Chembe zikishakwangua chuma, unga wake unatakiwa kuelea na kuondoka, na maji yanatosha kabisa kwa kazi hiyo. Mawese huganda hata kwa ubaridi wa usiku, na yakikaa siku kadhaa yanakuwa gundi. Yanaushika ule unga wa chuma ndani ya vitundu, mwisho kisu kinapita juu ya gundi wala hakigusi chembe. Mafuta ya alizeti hayana nafuu, yanachelewa tu kuziba.

Kinoo cha namna hiyo usikitupe. Kiloweke usiku mzima kwenye maji ya moto na sabuni ya unga, asubuhi kisugue kwa brashi ya kufulia, kisha badilisha maji na urudie mpaka yatoke bila rangi. Kile kigumu cha kijivu cheusi kinachouzwa madukani mengi unaweza hata kukichemsha, mradi ukiweke kwenye sufuria maji yakiwa bado baridi ndipo uwashe moto. Ukikitumbukiza kwenye maji yanayochemka kitapasuka. Vinoo laini vya namba 1000 na kuendelea usivichemshe kabisa.

Sasa tuje kwenye bei, maana lalamiko la pili ndilo hilo: "Sokoni kipo cha bei nusu ya hiki." Kipo kweli. Ukikiangalia, hakina namba, au kina pande mbili ambazo zote ni za chembe kubwa. Namba ya kinoo inaeleza ukubwa wa chembe, na inakwenda kinyume na watu wanavyodhani: namba ndogo ni chembe kubwa. Namba 240 hadi 400 ni ya kurekebisha kisu chenye mapengo. Namba 1000 ndiyo ya kunolea kisu cha kila siku. 3000 hadi 6000 ni ya kulainisha makali, na jikoni kwa kawaida unaweza kuishi bila hiyo. Kinoo cha chembe kubwa tupu huacha makali yenye meno kama msumeno mdogo. Siku ya kwanza utaona kisu kinakata vizuri sana, lakini yale meno ni membamba, yanalala na kukatika, na kabla wiki haijaisha unarudi kunoa tena. Kila ukinoa, kisu kinapungua upana. Kwa hiyo kwa nyumba ya kawaida ushauri wetu ni mmoja: kinoo cha pande mbili, 400 na 1000, urefu usiopungua sentimita 18. Kifupi zaidi ya hapo kitakulazimisha kunoa kisu vipande vipande, na makali yatatoka na mawimbi.

Kinachouzika zaidi kuliko kinoo, hata hivyo, ni kile kinoleo cha kuvuta: kidude cha plastiki chenye mpini na mfereji wa umbo la V, unavuta kisu mara kadhaa na kazi imekwisha. Tunakiuza kwa sababu kinatakiwa, lakini tukuambie kinachofanyika ndani yake. Kwenye ule mfereji kuna vibao viwili vya chuma kigumu sana vilivyokutana kwa pembe moja isiyobadilika. Havisagi kama kinoo, vinakwangua. Ukitaka kuhakikisha, weka kitambaa cheupe chini yake na uvute kisu mara kumi. Utaona nyuzi ndogo za chuma zinazong'aa. Hicho ni kisu chako.

Ubaya mkubwa zaidi uko karibu na mpini. Kwa visu vyenye kitako kinene mahali bapa linapoungana na mpini, kidude hicho hakifiki sentimita ya mwisho ya makali. Basi miezi inakwenda, sehemu ya katikati inaliwa, ile ya karibu na mpini inabaki kama ilivyokuwa, na kisu kinapata bonde. Kiweke juu ya kibao cha kukatia uangalie kwenye mwanga: kuna upenyo katikati. Ndiyo maana unakata mchicha unaona umekatika, ukiuinua unakuja umeungana kama shanga kwenye uzi. Mteja anasema kisu kimekuwa butu. Si butu, makali hayagusi kibao. Kukirekebisha ni kusaga urefu wote wa kisu mpaka ile sehemu ya nyuma ilingane na bonde, kisha kuyaanza makali upya pande zote mbili. Ni kazi ya dakika 40 kwa mkono, na malipo yake yanazidi bei ya kile kinoleo. Hapo ndipo watu wanapohisi wameibiwa, na ndiyo sababu tunayaandika haya mapema.

Kama tayari unacho, tumia ule mfereji wa pili wenye vijiti vyeupe vya kauri, vuta mara tatu au nne kwa uzito wa kisu chenyewe bila kukandamiza. Mfereji wa vibao uache.

Kuna pia wanaopitisha kisu kwa mchomelea vyuma akinoe kwa grinda. Inachukua nusu dakika na makali yanang'aa, lakini hakuna njia iliyoua visu vingi kuliko hiyo. Grinda ndogo huzunguka kufikia mara 11,000 kwa dakika, na makali ni sehemu nyembamba kuliko zote za kisu, hivyo joto halina pa kwenda. Angalia rangi. Chuma kikigeuka njano kama majani makavu kimefika nyuzi 220 hivi, kikiwa kahawia kimekaribia 260, na kikiwa bluu kimefika karibu 300. Ugumu wa kisu ulipatikana kiwandani kwa kukipasha moto, kukizamisha, kisha kukipasha tena kwa joto dogo lililopimwa. Kikipita joto hilo, ugumu unaondoka na haurudi kwa kunoa. Kisu chenye ncha ya bluu kinaweza kunolewa kikanyoa nywele za mkono, na jioni yake kikashindwa na nyanya. Kinachosaidia ni kusaga sehemu yote iliyoungua mpaka ufikie chuma kizima, yaani unapoteza milimita mbili au tatu za kisu. Wale wanoaji wa baiskeli wenye jiwe la kukanyaga kwa pedeli hatuwaweki kwenye kundi hili. Jiwe lao linakwenda polepole, na anayechovya kisu kwenye maji kila baada ya mapito mawili anafanya kazi ya heshima.

Kunoa kwa kinoo si ugumu wa nguvu, ni ugumu wa kushika pembe moja. Kisu cha jikoni kinahitaji nyuzi 15 hadi 20 kila upande, na hakuna anayepima nyuzi kwa macho. Tumia njia hii: pima upana wa bapa kutoka mgongoni hadi kwenye makali, gawa kwa tatu, na huo ndio urefu wa kuinua mgongo wa kisu kutoka kwenye kinoo. Bapa la milimita 45, inua milimita 15, na umepata nyuzi 19 na nusu hivi. Ukigawa kwa nne unapata kama 14 na nusu, pembe ya visu vyembamba vya kukatia minofu. Kata kipande cha mti cha urefu huo ukiweke pembeni mpaka mkono uzoee.

Njia nyingine ya kujisahihisha ni maka peni. Paka wino kwenye makali, pitisha kisu mara mbili, kisha tazama. Wino ukibaki kwenye ukingo kabisa na ukatoka juu yake, umelaza kisu mno. Ukitoka kwenye ukingo tu, umekiinua mno. Ukitoka wote, endelea hivyo hivyo.

Loweka kinoo dakika 10 hadi 15 mpaka mapovu yakome kutoka. Kiweke juu ya kitambaa kibichi kisitembee. Anza na 1000, na 400 iache mpaka kuwe na pengo. Shika mpini kwa mkono mmoja, vidole viwili vya mkono wa pili viwe juu ya bapa, karibu na makali, na ubonyeze kama unavyobonyeza parachichi kujua kama limeiva. Nenda na kurudi, kutoka karibu na mpini mpaka ncha, upande mmoja tu. Usigeuze kila mara. Utajua upande huo umekwisha pale chuma chembamba kama unywele kitakapojikunja upande wa pili: pitisha kidole gumba kutoka mgongoni kushuka hadi ukingoni, wala si kufuata urefu wa makali, utausikia unakwaruza. Uusikie kwenye urefu wote. Mahali usipousikia, makali hayajafika. Ndipo ugeuze, unoe mpaka unywele urudi upande wa kwanza. Mwisho pitisha kwa wepesi mapito machache ukibadilisha upande kila mara, ukipunguza nguvu, mpaka unywele uishe.

Hatua hii ya mwisho ndiyo wengi wanairuka. Unywele ukiachwa, kisu kinaonekana kikali sana, kisha unalala ukikatia kitunguu cha kwanza na mtu anasema kinoo ni kibovu. Jaribu kwa nyanya iliyoiva: makali yaliyokamilika yanaingia ganda kwa kuvutwa tu, bila kukandamizwa.

Ule mti wa chuma wa mviringo unaouona buchani haunoi. Unanyoosha makali yaliyolala. Muuza nyama anaugusa mara nyingi kwa siku kwa kuwa mfupa unalaza makali kila saa, lakini visu vyake navyo vinakwenda kwenye kinoo. Usinunue huo peke yake ukitarajia utafufua kisu kilichokufa.

Na kabla ya kulaumu chochote, angalia unakatia wapi. Sinia, sahani ya udongo na ukingo wa sementi ni vigumu mno kwa makali, na pigo moja linatosha kuyakunja. Kibao cha mninga au cha plastiki kinafaa. Magamba ya kuhe na sangara parua kwa mgongo wa kisu. Kichwa cha samaki mkubwa kipewe kisu kinene, hicho chembamba cha minofu kiache.

Kwa nje ya nyumba mambo hubadilika. Panga, jembe na shoka huachwa na chuma laini kiasi kuliko kisu cha jikoni, kwa makusudi, visivunjike vikigonga jiwe. Kwa hiyo tupa inavikata, ilhali kwenye kisu kigumu tupa huteleza na kuisha meno. Mkulima wa Kasulu au mfuga nyuki wa Sikonge anahitaji tupa bapa ya inchi 8 au 10, yenye mpini. Tupa isiyo na mpini itakuingia kiganjani siku itakaponasa. Fuata mteremko ambao panga lilitoka nao kiwandani, kama nyuzi 25 hadi 30 kila upande. Ukilifanya jembamba kama kisu litapata mapengo kwenye kisiki cha kwanza. Tupa hukata ikisukumwa. Ukiirudisha nyuma iinue, maana ukiiburuza huku umebonyeza unayalaza meno yake. Baada ya hapo malizia kwa kile kinoo chenye umbo la mtumbwi, mapito matano kila upande.

Mvuvi wa Kibirizi anayekaa ziwani usiku kucha hawezi kuloweka kinoo robo saa. Huyo tunampa bamba la almasi: jembamba, halivunjiki likianguka kwenye boti, linataka matone ya maji tu, na halipati bonde kama vinoo vingine. Bei yake iko juu na tunakubali. Sharti lake ni moja, usikandamize. Ukikandamiza unazing'oa chembe za almasi, na hazirudi. Bamba la namba 400 hivi linamtosha.

Kinoo cha nyumbani nacho huchimbika. Chora mistari ya penseli juu yake, kisugue kwenye msasa namba 120 uliolazwa juu ya kioo, na mistari yote ikifutika kimekuwa bapa tena. Kikaushe kivulini.

Kama kazi yote hii huna muda nayo, kisu cha jikoni kisicho na pengo tunakinoa kwa Sh3,000. Chenye pengo au bonde tunakikagua kwanza na kukutajia bei kabla ya kukigusa. Panga tunalinoa kwa tupa na kwa mkono, kwa hiyo halisubiriwi kaunta Jumamosi asubuhi bodaboda ikiwa mlangoni. Lilete Ijumaa.