Mdogo wangu, kambale wa Njombe hafugwi kwa kalenda ya Dar

Mdogo wangu,

Kamwene. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, na ile video tumeitazama na mama jikoni tukiota moto. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu mwezi huu wewe ni mtu wa tatu kuniuliza jambo hilohilo. Nyote mko mjini, nyote mna akiba ya kikoba, na nyote mnataka wazee huku juu wachimbiwe bwawa nyuma ya nyumba, wamwagiwe kambale elfu mbili, na baada ya miezi sita hela irudi.

Tuanze na video. Yule samaki aliyekuvutia, anayelishwa kwa mkono kwenye bwawa la uani kule Ulaya huku mwenye bwawa amevaa koti zito, si kambale wetu. Itazame tena, uhesabu sharubu. Ana sita: mbili ndefu kama mijeledi juu ya mdomo, nne fupi kidevuni. Wetu ana nane. Mgongoni yule ana pezi dogo sana, ukipepesa macho hulioni. Wetu ana pezi refu linaloanza nyuma ya kichwa na kuteremka mpaka karibu na mkia. Wajerumani humwita Wels. Ni mzaliwa wa mito ya Ulaya, hupita urefu wa mita mbili, na majira ya baridi hutulia chini karibu bila kula mpaka maji yapate joto tena. Barafu ikiziba uso wa bwawa, yeye anaendelea kuishi, kwa sababu hewa yake yote anaipata majini kwa matamvua. Tena ni mlaji wa kuogopwa. Mwaka 1974 alipelekwa mto Ebro, Hispania, ambako hakuwepo kabla, akazaana mpaka leo. Usithubutu hata kuulizia namna ya kumleta huku.

Kambale wetu ameumbwa kwa maisha mengine. Juu ya matamvua yake ana kiungo chenye matawi kama ua, na kwa hicho anavuta hewa hii tunayovuta sisi. Ndiyo maana anaishi kwenye tope ambalo perege angekufa ndani yake kwa saa chache, na ndiyo maana usiku wa mvua hutoka majini akatambaa kwenye majani kwa miiba ya mapezi yake. Lakini joto analolipenda ni nyuzi 25 hadi 30. Chini ya 20 anakula kwa kujilazimisha. Waholanzi wanamfuga huyuhuyu wa Afrika katika nchi yao ya baridi, lakini wanamfuga ndani ya majengo, kwenye matangi yenye maji yaliyopashwa moto. Sisi Njombe hatuna hela ya kupasha maji moto. Tuna jua tu, na jua lenyewe Julai linachelewa kutoka kwenye ukungu.

Sikuandikii haya kukukatisha tamaa. Mimi nafuga, na ninawapenda hawa samaki. Ila mwaka wa kwanza nilipoteza karibu wote, na ninataka ujue walivyopotea.

Nilinunua vifaranga mia tano mwezi wa tano. Aliyeniuzia aliniambia kambale ni mgumu, hafi hovyo, weka tu. Hakuwatenganisha kwa saizi. Wengine walikuwa kama kidole cha mwisho, wengine wamekwisha kufika urefu wa kalamu. Walisafiri usiku kucha kwenye basi kutoka nchi ya joto, wakafika alfajiri, na mimi kwa furaha nikafungua mifuko nikawamwaga papo hapo. Mifuko ilipaswa kuelea juu ya bwawa nusu saa au zaidi, maji ya ndani yapoe taratibu, kisha nichanganye kidogo kidogo. Siku ile ile nilianza kuokota waliokufa.

Waliobaki wakaanza kulana. Hili hutaliamini mpaka ulione. Jioni moja nilimkuta mmoja karibu na ukingo, nikadhani ana mikia miwili. Nikamtega kwa chekecheke ya mama. Mkia wa pili ulikuwa wa mwenzake, umechomoza mdomoni, bado unatikisika kidogo. Alikuwa amemmeza kwa kichwa, ameshindwa kumaliza, na tumbo lake limevimba kama gololi. Vifaranga wa tumbo moja wale. Anayetangulia kukua kidogo tu anapata uwezo wa kummeza ndugu yake, akimmeza anakua zaidi, na kila wiki pengo linaongezeka. Mtu asiyejua huona bwawa limetulia, akadhani samaki wanakua vizuri.

Kisha ikaja Julai. Asubuhi moja umande ulikuwa umeganda kwenye majani ya kabichi, unalia chini ya viatu kama chumvi ya mawe. Nikatia kipimajoto majini: nyuzi 13. Nikamwaga chakula kilekile cha kila siku, kwa sababu karatasi niliyopewa ilisema kila siku asilimia tatu ya uzito wa samaki. Punje zikaelea. Nikasubiri. Baada ya muda mrefu samaki mmoja akapanda polepole, akagusa hewa, kiputo kikapasuka, akazama bila kuzitazama. Punje zilikuwa palepale jioni, zimevimba. Kesho yake nikaongeza nyingine. Ndani ya wiki mbili maji yalinuka, na nilipowavua kuwaangalia wakakwaruzika kwenye wavu. Kambale hana magamba, ngozi yake ni ute tu, na kwa baridi ile kidonda hakifungi. Ukungu mweupe kama pamba ukaota kwenye kila mkwaruzo.

Oktoba nilipokausha bwawa nilihesabu themanini na tatu. Wawili kati yao walikuwa majitu.

Kosa langu kubwa kuliko yote, hata hivyo, lilikuwa maji yenyewe. Unajua chemchemi ya nyuma ya kwa babu inavyotiririka mwaka mzima. Nilielekeza mfereji wote upite bwawani mchana na usiku, nikijisifu kwamba samaki wangu wanapata maji mapya. Maji mapya ya chemchemi yetu ni baridi siku zote. Hayo yanamfaa trauti, yule samaki wa mito ya milimani ambaye Waingereza walimleta nyanda za juu, anayetaka maji baridi, ya mbio, yenye hewa nyingi. Kambale ni kinyume chake. Hewa anajichotea mwenyewe juu, kwa hiyo hana haja ya mkondo. Anahitaji maji yaliyotulia, yenye rangi ya kijani, yaliyokaa yakaota jua. Sasa naufunga mfereji, nafungua kidogo tu kufidia kinachokauka au maji yakianza kunuka. Bwawa lile lile, jua lile lile, na Agosti ya mwaka uliofuata kipimajoto kilinionyesha nyuzi tatu zaidi. Kwa samaki huyu hizo tatu ni nyingi.

Kwa hiyo ukinisikiliza, hela usiitume sasa hivi. Vifaranga tutachukua mwishoni mwa Septemba, jua likirudi, ili wapate miezi yote ya joto mpaka Aprili na waingie Juni wakiwa wameshiba na wana mwili. Elfu mbili hapana, mia mbili. Tuwanunue wa saizi moja, tuhesabu mbele ya muuzaji, wa kuzidi tuwakatae hata kama ni wazuri. Wiki tatu baadaye tuwachambue tena, wakubwa tuwahamishie kwenye lile shimo dogo la turubai. Kazi hiyo ni ya Oktoba mpaka Desemba. Juni hadi Agosti wavu usiguse maji.

Bwawa lenyewe liwe na kina cha mita moja na nusu upande wa kutolea maji, maana maji mengi hayapoi haraka usiku mmoja. Ule mparachichi wa upande wa mashariki unaziba jua la asubuhi. Mama amekubali upunguzwe matawi, na hilo lilinichukua wiki nzima kumbembeleza. Tukaweke na uzio wa wavu unaoelekea ndani kwa juu, kwa sababu ya zile usiku za mvua nilizokutajia. Nimewahi kumwokota kambale kwenye mtaro wa mahindi, hatua thelathini kutoka bwawani, mzima kabisa. Mbele ya mtaro ule kuna mto, na vile visamaki vidogo tulivyokuwa tukivivua kwa chandarua utotoni havitamudu mgeni wa namna hii. Uzio utasaidia pia kwa fisi maji, ambaye akishagundua bwawa hasahau njia.

Chakula: mashudu ya alizeti, soya iliyokaangwa na dagaa wa kusaga, na utumbo wa kuku wa pale sokoni ukichemshwa kwanza. Kipimajoto kikisoma chini ya 15, siku hiyo hawalishwi. Hilo ndilo gumu kwa mama. Wewe unamjua, hawezi kuona kiumbe hajala akaenda kulala. Nimemweleza kwamba hawana njaa, miili yao imepunguza moto kama jiko lililofunikwa majivu, na amenielewa, ila nimemkuta mara moja akiwatupia ugali.

Na miezi sita uiondoe kichwani. Wangu wa pili walifika kilo moja baada ya miezi kumi na sita. Hesabu zako za kikoba zifanye kwa mwaka na nusu, uwaambie wenzako mapema, wasije wakakuona mwizi. Vifaranga utanunua upya kila awamu, kwa sababu kambale kwa kawaida hatagi mwenyewe bwawani. Jike huchomwa sindano ya homoni ndipo akamuliwe mayai, na dume hukatwa ili mbegu zake zipatikane. Kazi hiyo wafanye wenye vituo vya kuzalisha vifaranga. Kituo cha Ruhila pale Songea ni karibu na kwetu kuliko kile cha Kingolwira, Morogoro, na safari fupi ni uhai kwa kifaranga.

Njoo Septemba mwenyewe, usitume mtu. Njoo na koti. Kipimajoto nimekifunga kamba kwenye kigingi, mama anakisoma kila asubuhi akienda kukama na kuandika kwenye lile daftari lako la darasa la saba. Leo ameandika 14.

Kaka yako