Kisima chenu

Mwanza, Jumapili usiku

Mama Neema mpendwa,

Hamjambo huko Geita? Mama mpe shikamoo yangu. Sisi wazima, ila Baraka anakohoa. Nilitaka kuanza na habari za harusi ya Josefina, lakini ujumbe wako wa juzi umeninyima usingizi.

Unasema kisima kimepimwa kikakutwa na aseniki, nawe sasa unakula kisamvu na kunde "kutoa sumu". Mwenzangu, nusu ya hilo ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayonitia hofu.

Aseniki ikiingia mwilini, ini huibadilisha kwa hatua mbili. Ya kwanza inaweza kuzaa kitu kikali zaidi. Ya pili ndiyo huirahisishia kutoka kwa mkojo. Kazi hiyo inataka foleti (vitamini ya kunde na mboga za majani; ya vidonge huitwa asidi ya foliki), vitamini B12 na protini. Ukipungukiwa, ini huishia njiani, na ile kali hubaki ikizunguka kwenye damu. Bangladesh, ambako mamilioni wamekunywa maji ya visima vyenye aseniki, watu wenye upungufu wa foleti walipewa mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku kwa wiki 12. Aseniki kwenye damu ikashuka karibu asilimia 14. Kwa hiyo kunde kula, maharage kula, dagaa na mayai pia, na maji ya mboga usiyamwage. Na vile vidonge vya damu vya kliniki unavyoviacha kabatini kwa sababu ya kichefuchefu, foliki imo humo. Meza, tafadhali.

Lakini ni asilimia 14 tu, Mama Neema! Iliyobaki je? Na kila ndoo inaongeza nyingine. Kuchemsha hakusaidii: mvuke unaondoka, aseniki inabaki sufuriani. (Wala msimtafute mchawi; mawe yenye dhahabu mara nyingi huwa nayo.) Aseniki hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, nawe una mimba ya miezi mitano. Maji hayo fulieni. Kunywa na kupikia, hapana, hata uji wa Neema.

Cheti kimeandika kiasi gani? Shirika la Afya Duniani linasema aseniki kwenye maji isizidi mikrogramu 10 kwa lita. Kisima cha kina Mama Rehema kimepimwa? Baba Neema anasemaje? Bati lenu jipya haliwezi kukinga mvua? Nikitafuta tanki huku, nani atalipokea stendi? Na usiku huu, unakunywa maji gani?

Nijibu kesho.

Wako,
Mama Baraka