Mama, kabla hujakabidhi funguo

Saint Paul, Minnesota
Wiki ya pili ya Majilio

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Kamwene. Huku tu wazima kwa neema ya Mungu, ila baridi imeanza kuuma na mto Mississippi umeshaanza kuganda kingoni. Nimeona niandike, kwa sababu kwenye simu kila mara tunaishia kulia na yale ya maana hayasemwi. Nimemwomba mdogo wangu aichape barua hii steshenari kwa herufi kubwa, uisome mwenyewe kwa miwani yako, taratibu, wakati wowote upendao.

Ameniambia kwamba, kwa kuwa baba hayupo tena, usharika umekupa mpaka mwisho wa Januari uhame nyumba ya mchungaji, na kwamba mchungaji mpya anakuja na familia yake. Najua hakuna aliyekukosea. Nyumba ile ni ya usharika, na baba alitukumbusha tangu utotoni, hata msumari hakuturuhusu kupigilia ukutani bila kuwauliza wazee wa kanisa. Lakini Mama, najua si nyumba peke yake unayoiacha. Miaka yote hii sokoni, hospitalini, kwenye misiba, watu wamekuita Mama Mchungaji, hata wengine hawajui jina ulilobatizwa. Sasa atakuja Mama Mchungaji mwingine, na akina mama wa Umoja watampelekea yeye mambo yao ya siri. Hujaniambia kwamba hilo linakuuma. Mimi ni kifungua mimba wako, nakujua.

Nimesikia pia kwamba kwenye jumuiya kuna mtu alikuonya usilie, eti mke wa mtumishi akilia hivyo anaonekana hana imani. Neno hilo limenikera sana. Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Hakuwaambia wasihuzunike. Bwana Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro, na alijua kabisa kwamba dakika chache baadaye angemfufua. Lia, Mama. Umezika mume.

Wiki hizi nimekuwa nikisoma kitabu cha Ruthu, nikakisoma tena na tena nikikufikiria wewe. Sisi tulifundishwa zaidi habari za Ruthu, mkwe mwaminifu, na kwenye harusi hawaachi kutusomea maneno yake. Mimi safari hii nimemwangalia Naomi. Aliondoka Bethlehemu wakati wa njaa akiwa na mume na wana wawili, wakakaa Moabu kama miaka kumi, akarudi mjane, na wanawe wote wawili amewazika. Wanawake wa mji wakatoka kumtazama wakiulizana, “Je! Huyu ni Naomi?” Akawajibu, “Msiniite Naomi, niiteni Mara, kwa sababu Mwenyezi Mungu amenitenda mambo machungu sana.” Alisema hayo hadharani, na kwa habari za Mungu mwenyewe! Wala hakuna aliyemkemea, si wanawake wale, si mwandishi wa kitabu, si Mungu.

Jambo lingine, Mama, ambalo sikuwahi kuliona. Katika sura zote nne Mungu hasemi neno hata moja kwa kinywa chake. Hakuna malaika aliyekuja, hakuna ndoto, hakuna sauti kutoka mbinguni. Kuna mkwe aliyekataa kuondoka, kuna shamba la shayiri na mwenye shamba anayewaagiza wavunaji waangushe masuke makusudi ili mgeni apate cha kuokota. Mungu yumo humo humo, kazini. Basi nami nimeacha kusubiri ishara. Nikiamka na nguvu za kwenda zamu, na kaka akituma picha ya bati alizonunua, nasema ahsante Bwana, nimekuona.

Sikuficha kwako kwamba na mimi nimepita pagumu. Unajua kwa nini sikuja kumzika baba. Kwa sheria za huku, anayesubiri ukaazi wa kudumu akitoka nchini kabla hajapewa kibali cha kusafiri huhesabika kwamba ameliacha ombi lake, na kibali changu kilikuwa bado hakijatoka. Siku ile kaka alikuwa ameiwasha simu lakini ilibidi ashike jeneza, akaitia kwenye mfuko wa shati. Kwa hiyo mazishi ya baba yangu niliyaona kama kitambaa cheupe kinachotikisika. Nilisikia kwaya, nikasikia udongo, nikasikia wewe unaita jina lake. Baada ya hapo kwa muda mrefu nilipiga magoti na maneno hayakuja.

Aliyenisaidia ni mama mmoja Mkongo wa kwenye ibada yetu ya Kiswahili. Tunaazima jengo mchana, wenyewe wakishamaliza ibada yao, na tumo Watanzania, Wakongo, Warundi. Mama huyu alikimbia vita kwao, akakaa miaka kambini Nyarugusu, kule Kigoma, watoto wake wakazaliwa na kukulia humo, ndipo wakaletwa huku. Nilipomweleza hali yangu hakunihubiri. Alinishika mikono yote miwili akaomba kwa kifupi: Bwana, mpe ya leo. Akanikumbusha mana jangwani, kwamba waliojiwekea ya kesho iliingia mabuu ikanuka. Tangu hapo ndiyo sala yangu. Mwakani siiombi. Naomba ya leo tu, na sijalala njaa ya roho hata siku moja.

Kazini pia kuna bibi mmoja ninayemhudumia, Mlutheri kama sisi, alikuwa mke wa mkulima. Shamba limeuzwa, nyumba imeuzwa, akaletwa kwenye nyumba hii ya wazee na vitu vya kujaa chumba kimoja. Katika vyote alivyokuwa navyo alichagua kuja na bakuli kubwa la udongo alilokuwa akikandia unga wa mkate, ingawa hapa hapikii chochote. Ukingo wake umemegeka kidogo, na jioni namwekea bakuli hilo magotini, anapitisha kidole gumba pale palipomegeka huku akinisimulia. Kuna usiku anamwambia Mungu waziwazi, “Hili la kuhamishwa sikulipenda.” Halafu, bila kupumzika, anaendelea, Baba yetu uliye mbinguni, mpaka amina. Watu huko wanasema sisi huku tunabeba boksi tu. Mimi nimefundishwa kuomba na bibi huyu.

Kwa hiyo Mama, usigawe kila kitu kwa uchungu. Jiwe la kusagia la bibi ondoka nalo. Kiti cha baba cha kamba ondoka nacho, hata kama kimelegea. Vya usharika viandikwe kwenye karatasi, wewe na wazee wa kanisa mtie sahihi, pasiwe na maneno baadaye.

Sasa shamba la baba, huko kijijini unakohamia. Baba mdogo amesema tusiwe na haraka, yeye atalitunza. Simdhanii vibaya, na ninamheshimu. Lakini soma sura ya nne ya Ruthu. Boazi, mcha Mungu yule, habari ya shamba la Elimeleki hakuiacha ijiendee. Asubuhi alikwenda langoni, akamwita jamaa aliyekuwa na haki ya kwanza, akaketisha wazee kumi, jambo likasemwa mbele yao, jamaa akakataa na kuvua kiatu chake kama ilivyokuwa desturi, watu wote wakawa mashahidi. Basi na sisi twende langoni. Kikao cha ukoo kikae, muhtasari uandikwe, msimamizi wa mirathi ateuliwe mahakamani. Kisha nenda na kaka ofisi ya kijiji mkaulizie hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lako. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawasawa na mwanaume. Mtu akikuambia kwamba kudai hati ni kukosa imani, mfungulie sura hiyo aisome mwenyewe.

Pesa za bati na mbao nimeshatuma kwa kaka. Januari mvua zinakuwa nyingi na barabara ya kupanda huko inateleza, kwa hiyo mkodi Canter asubuhi na mapema, msikubali ya mchana. Mahindi utakuwa umechelewa, lakini maharage ya Machi utayawahi, na mbegu mama mkubwa amekuwekea. Dawa za presha usiache, hata siku ya kuhama. Ziweke kwenye mkoba wako wa mkononi, zisipotelee kwenye mizigo.

Ukifika, usisubiri kualikwa. Jumuiya ya pale inakutana Jumamosi alfajiri, nenda wiki hiyo hiyo, ukajitambulishe kwa jina lako la ubatizo. Mdogo wangu anasema kwaya ya akina mama huko haina mtu wa alto tangu mwaka jana. Nijibu ukishaongea nao, na uniambie mazoezi ni siku gani ili nisiwe nakupigia simu saa hizo.

Wasalimie wote, shangazi, baba mdogo, na majirani wa hapo usharikani. Mchungaji mpya na mkewe wapikie chai siku watakayofika.

Mwanao akupendaye,
kifungua mimba wako