Bega la nguruwe lisichemshwe kabla ya kuwekwa kwenye moshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nijibu makala ya mapishi iliyotoka Jumamosi iliyopita, ambamo mwandishi aliwashauri wanaotaka kuandaa bega zima la nguruwe kwa moshi walichemshe kwanza kwa saa mbili, kwa maelezo kwamba moshi peke yake hauivishi nyama nene wala hauui minyoo. Hofu yake ina msingi, kwani tegu wa nguruwe bado yupo nchini, lakini ushauri wenyewe unaharibu nyama bure. Mamlaka za chakula za Marekani huhesabu kipande kizima cha nguruwe kuwa salama kikifika nyuzijoto 63 katikati na kuachwa dakika 3, ilhali bega la moshi huondolewa jikoni likiwa limefika kati ya 93 na 96.

Joto hilo kubwa halifuatwi kwa ajili ya minyoo. Bega ni kiungo kilichofanya kazi, limejaa utando mgumu ambao huyeyuka polepole na kuwa ute, na ute huo ndio unaoifanya nyama ichambuke kwa vidole huku ikibaki na majimaji. Ukilichemsha, utamu wake unaishia kwenye supu. Tena moshi hushika vizuri zaidi nyama ikiwa bado mbichi, baridi na yenye unyevu juu.

Kinachotakiwa ni moto wa pembeni, nyama isikae juu ya makaa, na joto la ndani ya jiko libaki kati ya nyuzijoto 110 na 120. Pipa la chuma lililokatwa vizuri linatosha, mradi halikuwahi kubeba kemikali. Kuni za mwembe au mpera zilizokauka zinafaa. Misonobari, mikaratusi na mbao zenye rangi ziachwe kabisa. Moshi ukitoka mweupe na mzito, nyama itakuwa chungu, hivyo fungua tundu la hewa hadi uwe mwembamba wa kibuluu.

Wengi hukata tamaa nyama inapofika karibu nyuzijoto 70, kwa sababu hapo kipimajoto hugoma kupanda, pengine kwa saa tatu au nne, na mpishi asiyejua huanza kuchochea moto. Jiko halina kosa. Maji yanayotoka ndani ya nyama yanakuwa mvuke juu yake na kuipoza kama jasho linavyoupoza mwili, na joto la ndani litapanda tena unyevu huo ukipungua. Mwenye haraka anaweza kulifunga bega kwa karatasi ya foili wakati huo, ingawa gamba lake jeusi litalainika. Mimi huliacha wazi, kwa kuwa gamba hilo ndilo wageni wangu hugombania.

Kwa sababu hiyo sikubaliani pia na saa zilizotajwa katika makala. Bega la kilo 4 linaweza kuchukua saa 10, na jingine la uzito uleule likachukua 13. Likishaiva lifunikwe na kupumzishwa walau saa moja kabla ya kuchambuliwa, na mlaji asishtuke kuona utepe wa waridi chini ya gamba, kwani hiyo ni rangi inayoletwa na gesi za moshi wala si ubichi.

Kule Lexington, North Carolina, ambako mabega huokwa juu ya makaa ya kuni, nyama iliyochambuliwa hutiwa mchuzi mwepesi wa siki, tomato sosi na pilipili. Mlaji wa kitimoto aliyezoea ndimu na kachumbari hatauona mgeni.

Iwapo gazeti litayarudia mapishi haya, naomba liandike joto la katikati ya nyama mahali pa saa, na liwaeleze wasomaji kwamba kipimajoto hicho huchomekwa kwenye mnofu mnene bila kugusa mfupa.

Msomaji wako,
Moshi, Kilimanjaro