Barua ya malalamiko: nilitaka kompyuta ya kupangia taa, si kompyuta yenye taa

Chake Chake, Pemba
9 Februari 2026

Meneja,
Duka la Kompyuta,
Darajani, Unguja.

KUH: PROSESA NILIYOLETEWA SIYO NILIYOILIPIA

Assalaam alaykum.

Naandika barua kwa kuwa simu zimenichosha. Nimepiga mara sita, nimepokelewa na vijana watatu, na kila mmoja ana maradhi yake anayoipa kompyuta yangu. Leo nakueleza wewe mwenyewe, Bwana Meneja, tangu mwanzo, na risiti yenu ninayo hapa mezani.

Mimi ni mwalimu wa hesabu wa sekondari. Usiku wa Idd watoto wa mtaani kwetu wakirudi Tibirinzi, kwenye kiwanja cha kufurahishia watoto, hupita mbele ya nyumba yangu, na mwaka huu nimenuia wakute mwembe wetu unawaka. Sisemi zile taa za kuzungusha mtini ukawasha kwa swichi ukaenda kulala. Ni pikseli 1,200, yaani vitaa vidogo vidogo, kila moja inaamrishwa peke yake, zifuate kasida: dufu likipigwa tawi liwake, waitikiaji wakiingia rangi ipande kutoka shinani mpaka kileleni. Wenzetu Marekani hufanya hivi kwenye Krismasi, nyumba nzima zinacheza, na programu wanayopangia, xLights, haiuzwi, unaipakua tu. Pikseli zenyewe nilikusanya kidogo kidogo mwaka mzima, na hizo si deni lenu. Nilichokuja kutaka kwenu ni kompyuta ya kupangia.

Tarehe 17 Januari nilipanda boti nikaja dukani kwenu na orodha niliyoiandika kwenye karatasi ya daftari. Sikuiandika kwa kubahatisha. Pikseli moja ina rangi tatu, nyekundu, kijani na buluu, basi 1,200 ni chaneli 3,600. Kila chaneli hupewa namba, kuanzia 0 mpaka 255, na mimi napanga namba hizo zibadilike mara 40 kwa sekunde. Kasida ya dakika 4 ina sekunde 240. Piga hesabu: namba 34,560,000 kwa kasida moja, na kila nikisogeza kitu programu inazikokotoa upya. Kazi hiyo karibu yote anaibeba prosesa, ndiye ubongo wa kompyuta, na programu huigawa kwenye kori zote zilizopo, yaani vichwa vya kukokotoa vilivyomo ndani yake. Ndiyo sababu niliandika Core i5-12400, yenye kori 6, na RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 16, na SSD, diski ya kuhifadhia, ya kasi. Kadi ya grafiki, ile ya kuchorea picha za skrini, niliiacha makusudi. Picha ya mwembe kwenye skrini ni nukta 1,200 tu, na prosesa niliyoitaja ina grafiki yake ndani, inatosha na kubaki. Usiku wa Idd wenyewe kompyuta hii itakuwa imezimwa. Onyesho litaendeshwa na Raspberry Pi, kikompyuta kisichozidi kiganja changu. Fedha zangu nimezipeleka penye kazi.

Haya yote nilimueleza kijana wenu wa kaunta. Aliniuliza, "Maalim, kompyuta ya nini hasa?" Nikamwambia ya taa. Akacheka kwa furaha: "Aa, ya taa! Hiyo niachie mimi." Nilipaswa kushtuka palepale. Baadhi ya vitu havikuwapo siku ile, nikaacha shilingi 1,400,000. Jumla ya orodha ilikuwa 1,325,000, na nikaahidiwa 75,000 yangu itarejeshwa kwa simu.

Mzigo ulifika bandari ya Mkoani baada ya siku kumi, nikalipa 20,000 ya kuupakia na kuuleta. Nilipofungua boksi, kilichonipokea ni feni tatu zinazowaka rangi. Kwenye risiti zimeandikwa 25,000 kila moja. Yaani 75,000 yangu ndiyo hiyo, imegeuka feni. Kijana wenu alisikia taa, akaniwekea taa. Kompyuta inakaa chumbani, chini ya meza, itamuonyesha nani rangi zake? Paka?

Hilo la feni ningelinyamazia. Ningenyamazia hata RAM, maana niliandika vipande viwili vya 8 na mmeleta kimoja cha 16, na viwili vingesaidia ile grafiki ya ndani. Lakini pawa saplai, kile kisanduku cha kuipa kompyuta umeme, siwezi kuipita kimya. Ina swichi nyekundu nyuma, ya kuchagua umeme, na swichi hiyo ilikuwa kwenye volti 115. Umeme wa Zanzibar ni 230, na duka lenu limo Zanzibar. Mimi niliiona kwa kuwa nina tabia ya kusoma kila kitu kilichoandikwa, hata kwenye chupa ya dawa ya panya. Angekuwa mwengine, angechomeka tu, akasikia mlio na kuona moshi, na ninyi mngemjibu kwamba ameiunguza mwenyewe. Tafadhali mtazame hizo zilizobaki rafuni.

Sasa prosesa. Niliunga kila kitu, nikawasha. Feni zikazunguka, rangi zikapita kama harusini, skrini ikabaki nyeusi. "Hakuna ishara." Kwenye bodi, lile bamba linalounga vitu vyote, kikawaka kijitaa kimoja kando ya herufi VGA, yaani tatizo liko kwenye grafiki, kikabaki hivyo hivyo. Nikapiga simu. Kijana wa kwanza akasema nitoe RAM niirejeshe. Nilitoa nikarejesha mpaka kucha zikauma. Wa pili akasema skrini yangu mbovu. Skrini hiyo hiyo nikaichomeka kwenye laptopu ya skuli, ikaonyesha. Wa tatu akasema, na hili limeniingia, "Itakuwa umeme wenu wa Pemba, Maalim, mdogo."

Bwana Meneja, umeme wetu unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010. Enzi za majenereta ya Wesha zimepita. Umeme gani huo mdogo, unaozungusha feni tatu na kuwasha rangi zote za upinde wa mvua, ukashindwa na skrini tu?

Usiku ule, baada ya Isha, nikaifungua mwenyewe. Nikalegeza feni ya juu ya prosesa, nikainyanyua, nikaanza kuifuta ile dawa ya kijivu ya kupitisha joto kwa pamba na spiriti, pole pole, kama mtu anayemsafisha mtoto jicho. Mwanangu kanishikia tochi ya simu. Maandishi yakaanza kutokea kwenye bati: INTEL CORE, halafu i5, halafu 12400, na nilipomaliza kufuta pembeni ikatokea herufi moja ambayo sikuilipia. F.

Kwa prosesa za Intel, F ya mwishoni maana yake haina grafiki ya ndani. Tundu la HDMI, la kuchomeka waya wa skrini, kwenye bodi lipo, zuri, linang'aa, lakini nyuma yake hamna kitu. Ni mfereji usio na maji. Kompyuta yangu ilikuwa inafanya kazi muda wote, ila haina pa kusemea. Na prosesa yenye F kwa kawaida huuzwa chini kidogo ya isiyo nayo, wakati risiti yenu, kwa mkono wa kijana wenu, inasema "i5-12400, 420,000". F haimo. Nimeitazama kwa miwani na bila miwani.

Nilipowaambia, nikajibiwa kwanza kuwa F ndiyo toleo jipya zaidi. Siyo. Kisha nikaambiwa suluhisho ni jepesi, ninunue kadi ya grafiki, mnayo ya 290,000. Yaani makosa yenu mniuzie tena. Mwisho nikasomewa mstari wa chini ya risiti, "Bidhaa ikishafunguliwa hairudi." Prosesa hii ilikuja ndani ya kijaluba cha plastiki, bila boksi, bila lakiri. Nilifungua nini? Na ningejuaje kuna F bila ya kuitoa?

Nikitenda haki, SSD mliyoleta ni ile ile niliyoiandika, na bodi pia, imefungwa vizuri, hata pini moja haikupinda njiani. Sisemi duka lenu ni la wezi. Nasema mteja aliwapa orodha, mkampa mlichonacho, kisha mkamuachia yeye kazi ya kugundua.

Ninachotaka ni i5-12400 isiyo na F, iliyomo kwenye boksi lake, niipate Chake Chake kabla ya tarehe 20 mwezi huu, na dawa yake ya kijivu, maana ile ya mwanzo imeishia kwenye pamba. Kama hamnayo, semeni hamnayo, mnirejeshee 420,000 nikatafute kwengine. Gharama ya kuipakia prosesa yenu kuirudisha iwe juu yenu. Nimeshaisafisha, nimeirejesha kwenye kijaluba chake, na nimepiga picha ile F na risiti pamoja, picha moja. Ramadhani iko mlangoni. Kupanga kasida moja kutanichukua nyusiku nyingi, na muda nilionao ni baina ya Tarawehe na daku. Mkinipotezea wiki mbili hizi, watoto watapita chini ya mwembe wenye giza, na mimi nimeshawaambia. Nisipopata jibu kufikia tarehe hiyo, barua hii na picha nitazipeleka Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, na hapo nitakuwa sina la kuzungumza na vijana wenu kwa simu.

Tukija kwenye feni, nilikusudia kudai 75,000 kamili. Lakini jana nilitoka msikitini nikakuta mwanangu ameiunga moja kwenye betri ya pikipiki, ameitundika barazani, inazunguka na rangi zake na wenzake saba wameizunguka. Hiyo siwezi tena kuiita mpya. Basi nirejesheeni 50,000 tu, na mbili zilizobaki zitakuja pamoja na prosesa.

Wenu mteja,
Jina na namba ya simu ziko kwenye risiti, nakala nimeiambatisha.